Siku Nilipotafsiri Roho ya Kaka

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda Skärholmen, hapa Uswidi, kununua sombe. Ni yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, huuzwa yamegandishwa kama tofali, na mwenye duka huyaweka chini kabisa ya friji, kwa hiyo unatoka pale vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa nimesimama nje ya duka nikipuliza vidole vyangu nilipomwona mzee mmoja akisukuma kigari cha kutembelea. Nilimtambua kwa mwendo wake wa kuegemea kushoto. Alikuwa kocha wa kaka yangu, enzi zile tukiwa watoto mtaani Norsborg.

Tulikumbatiana. Aliniuliza nafanya kazi gani siku hizi, nikamwambia, akacheka kwa furaha mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono, akashusha sauti kama mtu anayeulizia mgonjwa, akasema kwa Kiswidi: "Na moyo wa kaka yako unaendeleaje?"

Nikamuuliza, moyo gani?

Ngoja nikueleze kwanza hiyo kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini ilinibidi kuketi naye kwenye benchi pale. Mimi napima vijana. Kila mwaka mwezi wa nne, timu za mpira wa Kimarekani hukaa zikachagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, mmoja mmoja, na uteuzi huo wanauita drafti. Miezi kabla yake, watu kama mimi tunaangalia video zao. Mimi nimepewa wapokeaji, wale wanaokimbia pembeni mwa uwanja na kudaka mpira ule wa umbo la yai unaorushwa kutoka mbali. Naangalia mikono, hatua tatu za kwanza, jinsi kijana anavyokata kona bila kujitangaza kwa mabega. Kisha naandika kurasa mbili. Mwishoni kuna kisanduku cha afya, na neno moja ndani ya kisanduku hicho linaweza kufuta kurasa zote mbili. Hilo nalijua vizuri. Nimewahi kuliandika mwenyewe.

Mpokeaji wa kwanza niliyempima katika maisha yangu ni kaka yangu.

Tulikaa ghorofa ya tatu, mama, kaka na mimi. Baba alikuwa amefia kambini kabla hatujafika Uswidi. Mimi simkumbuki, kaka alimkumbuka kupita kiasi. Mama alifanya usafi katika shule moja, anatoka kungali na giza na kurudi mchana akinuka sabuni ya ndimu. Akifika tu, kabla ya salamu, utamsikia mlangoni: "Viatu inje!" Halafu sufuria. Ngazi nzima ilijua leo kwetu kuna ndagala, wale samaki wadogo wakavu ambao shangazi alitutumia kutoka Uvira, kwa sababu harufu yao ilishuka kwa miguu mpaka mlango wa chini. Mama alikuwa akisonga bugali huku akiimba nyimbo za kanisani, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria pale pale panapotakiwa kugonga ngoma.

Kaka aliukuta mpira wa Kimarekani shuleni, akiwa na miaka kumi na nne. Mama hakuwahi kuuelewa. Aliuita "ule muchezo ya kugongana". Lakini mimi niliuelewa mapema, kwa sababu kaka hakuwa na mtu wa kumrushia. Nilisimama kwenye roshani na kapu la soksi zilizoviringishwa mbili mbili, yeye akakimbia kwenye majani chini, nami nikazirusha kokote, mbele yake, nyuma yake, juu ya kichaka. Majira ya baridi alikimbia kwenye theluji iliyomfika magotini. Alizidaka karibu zote. Iliyomponyoka aliiokota akaitazama kana kwamba yeye ndiye aliyeikosea adabu.

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama mmoja Mganda aliyekuwa dereva wa basi, alitoka na kikombe chake cha chai ya tangawizi kututazama. "Huyu mtoto amepakwa gundi," alisema kila mara, kwa Kiswahili chake cha Kampala ambacho mama alikicheka, naye akakicheka cha mama. Alipokwenda kwenye mechi alipiga kelele kuliko familia zote za Kiswidi zikijumlishwa.

Nilikuwa na daftari. Humo niliandika: leo amekimbia kutoka nguzo mpaka pipa kwa muda gani, leo amedaka ngapi, leo amekasirika. Nilipima hatua kwa miguu yangu mwenyewe, kisigino kwa kidole, nikachora chaki kwenye njia ya lami. Kaka aliamini vipimo vyangu kama vya daktari. Aliniita mupimaji. Mimi nilimwita yaya, kama wanavyowaita kaka na dada wakubwa kwetu.

Alipotimiza miaka kumi na saba, kocha alikuja nyumbani mwenyewe, akavua viatu bila kuambiwa, akasema kuna mtu anakuja kutoka chuo kimoja cha Marekani. Anatafuta wapokeaji. Atakayempenda atasomeshwa bure kule, na akicheza vizuri chuoni, miaka mitatu minne mbele, jina lake linaweza kusomwa kwenye drafti. Nilimtafsiria mama. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kazi hiyo ilikuwa yangu muda wote: barua za benki, daktari wa meno, mkutano wa wazazi. Mama aliweka mwiko chini. Alimtazama kaka kwa muda, akasema, "Sasa atakula nini kule?"

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, jua na upepo. Yule Mmarekani alikuwa mrefu, mpole, ana daftari dogo jeusi. Kaka alikimbia kama sijawahi kumwona. Mpira mmoja ulirushwa juu mno. Akaruka, akauchukua kwa mkono mmoja, akashuka na kuendelea kukimbia kana kwamba alikuwa amechuma tunda. Yule mtu alicheka peke yake. Nilimwona. Nakwambia nilimwona, na leo, baada ya kuangalia mamia ya vijana, najua maana ya kicheko kile. Mtu hucheka hivyo akiwa amekwisha kuamua.

Akaja pale tulipokaa, akamsalimia mama kwa mikono miwili. Mama alijua Kiswahili na Kifaransa. Yule mgeni alijua Kiingereza tu. Kocha alikuwa uwanjani na vijana. Nikasimama katikati. Mmarekani aliuliza kama kuna jambo lolote kuhusu kijana ambalo wao wanapaswa kulijua kabla ya kumchukua.

Mama alifikiri. Akasema, taratibu, ili nisipoteze neno: "Mwambie, huyu mutoto roho yake haina nguvu. Akikaa mbali na sisi, itamusumbua. Wamuangalie vizuri."

Kwetu Kivu, upande ule wa Uvira, roho ni moyo. Tunasema roho inapiga, roho inauma. Na darasani, wiki chache nyuma, tulikuwa tumejifunza viungo vya mwili kwa Kiingereza, kwenye picha kubwa ukutani, na nilijivunia kuvijua vyote. Nikasema: moyo wake ni dhaifu. Akiwa mbali utamsumbua. Mmwangalie vizuri.

Uso wa yule mtu ulibadilika. Aliuliza, tangu lini? Nikamuuliza mama.

"Tangu baba yao alikufa."

Aliuliza, amewahi kuanguka?

Mama akainamisha kichwa. "Alianguka siku moja. Siku tulimuzika baba yake. Alianguka chini, tukamubeba mpaka ku nyumba."

Nikatafsiri: ndiyo, alianguka, wakambeba. Siku ya mazishi sikuitaja. Sijui kwa nini. Labda sikulijua neno la mazishi kwa Kiingereza.

Aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, akamshika mama bega. Akamwambia kwamba amelea kijana mzuri sana. Hilo nililitafsiri sawasawa, na mama alilia kwa furaha.

Wiki iliyofuata mama alinunua sanduku la kusafiria, la buluu, lenye magurudumu. Likakaa kwenye korido kando ya viatu. Akaweka ndani taulo mbili, sweta, pakiti ya ndagala imefungwa mara nne. Kila siku kaka alishuka kufungua sanduku la barua. Barua haikuja. Mwezi ukapita, miezi. Halafu kocha akaanza kumweka kwenye benchi, kwanza nusu ya pili, kisha mechi nzima. Kaka hakuuliza, hakuwa mtu wa kuuliza. Alifikiri jibu analo. Siku moja nilimkuta chumba cha taka akitumbukiza glavu zake kwenye pipa. Aliniambia, bila hasira, "Nilikuwa muzito tu. Wewe ulikuwa unanihurumia kwenye daftari yako." Mama akalitoa sanduku, akawapa watu wa kanisani.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku zote. Nisichokijua ndicho alichoniambia yule mzee pale Skärholmen, tumekaa kwenye benchi, sombe ikiyeyuka mapajani mwangu. Kwamba Mmarekani alimwambia: ni bora kuliko wote niliowaona mwaka huu, lakini mama yake amekiri ana ugonjwa wa moyo, chuo hakitakubali. Kwamba yeye kocha aliogopa kijana atamfia uwanjani. "Sikutaka kumwaibisha," alisema. "Nilidhani nyinyi nyumbani mnajua. Mama yenu ndiye aliyesema."

Hakusema mama. Nilisema mimi.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Ofisini niliangalia vijana wakidaka mipira na sikuona chochote. Jumapili moja mchana nikapanda treni hadi Hässelby, anakokaa kaka. Anafanya kazi kwenye ghala la vyakula, anaendesha ile mashine ya kuinua mizigo, ana mke na binti wa miaka sita. Binti alinifungulia mlango, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswidi, akarudi kwenye katuni zake. Tulikaa jikoni. Nilimweleza kaka yote, kuanzia yule mzee mpaka lile neno. Nilimrudishia maneno ya mama kama alivyoyasema, kwamba ilikuwa huzuni ya baba, si ugonjwa.

Alisikiliza akitazama meza. Kisha akauliza, "Mama alijua?"

"Hapana, yaya. Alikufa akifikiri hawakukutaka."

"Hiyo ndiyo mbaya," akasema. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Unipime."

"Nikupime vipi?"

"Kama unavyowapima hao wengine. Usinihurumie."

Nikampima. Nilimwambia mikono yake ilikuwa mikubwa na tulivu, kwamba aliupokea mpira kwa vidole wala si kwa kifua, na hilo halifundishiki kirahisi. Nilimwambia alikata kona akiwa na mabega yaliyonyooka hata beki hajui. Mbio zake zilikuwa za kati. Angehitaji nguvu zaidi miguuni. Nilimwambia chuo kingemchukua, bila shaka yoyote. Drafti, labda mwishoni mwishoni, labda hata hapo wasingemwita. Lakini angefika mlangoni.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za jamaa aliyepotea zamani. "Kwa hiyo sikuwa muzito."

"Hukuwa muzito."

Akaniambia, "Ulikuwa na miaka kumi na moja," akanigusa kichwani kidogo, akaamka, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilitaka kusimama. Mkewe akaingia, akatutazama, akatoka. Nilivaa koti langu. Mlangoni kaka alisema atanipigia simu, na mpaka leo hajapiga, wala simlaumu.

Roshani za jengo letu Norsborg zimefungwa vioo sasa. Uwanja umechimbwa, panajengwa nyumba. Jirani Mganda amerudi kwao. Kile Kiswahili cha mama, chenye roho inayopiga na kuuma, ninakisema peke yangu nikipika, na mara nyingine nasahau neno na hakuna wa kumuuliza.

Drafti ilifika, ikapita. Asubuhi yake niliangalia marudio, kwa sababu ni kazi. Mpokeaji mmoja niliyemwandikia vizuri aliitwa. Alisimama, akalia, na mama yake, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamwambia kitu sikioni. Mtangazaji alikuwa akizungumza juu ya sauti ya mama, kwa hiyo hakuna aliyesikia. Nilimtazama yule kijana akiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ameelewa kila neno.