Modemu Chumbani, Routa Sebuleni

Mkwe wangu alivunjika mguu Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2008, akicheza kandanda. Kanisa lao la Kiamunyi lilikuwa limewapanga wanaume wenye ndoa wacheze na vijana wa kwaya, na yeye, ambaye hakuwa amegusa mpira tangu amalize shule, aliwekwa kulinda lango. Binti yangu aliponipigia simu alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Mama, mpira ameudaka," alisema, "lakini mguu umeenda." Jumatatu nilifunga nyumba yangu Subukia, nikamwachia jirani ng'ombe na kuku, nikaja Nakuru kuwapikia.

Plasta ilianzia kwenye vidole vya mguu ikaishia katikati ya paja. Nalitaja jambo hilo kwa sababu ndilo lililopanga maisha yetu. Hakuna suruali ndefu iliyoweza kupita juu ya plasta ile, na mwanamume mwenye adabu haketi mbele ya mama mkwe wake akiwa na kaptula. Mimi nami, kwa desturi nilizolelewa nazo, siingii katika chumba anacholala binti yangu na mumewe. Basi yeye alikaa chumbani, mimi nikakaa sebuleni na jikoni, na baina yetu palikuwa na mlango wa mbao. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni, nikabisha, nikarudi jikoni na kuugeuzia mlango mgongo. Nikisikia magongo yakigonga sakafu na sahani ikivutwa ndani, nilijua mambo ni sawa. Hatukuonana uso kwa uso, lakini sijapata kukaa na mtu kwa amani kama ile.

Binti yangu alituona watu wa kale. "Nyinyi wawili mtaniua na heshima," alisema jioni moja akivua viatu. "Hata kwa kikohozi mnabisha hodi."

Sharti nieleze pia kazi ya mkwe wangu, maana habari hii yote ni ya kazi hiyo. Alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wenye duka, familia ya Kihindi iliyofanya biashara Nakuru tangu enzi za babu zao, hawakulifungua tena baada ya ghasia za uchaguzi za Januari ya mwaka huo. Alikaa bila kazi hadi Agosti, akifua nguo za nyumba na kupika wakati mke wake yuko kazini, wala sikusikia kwamba amewahi kumpandishia mtu sauti kwa sababu hiyo. Kisha kampuni moja ya ng'ambo ikampa kazi ya majaribio: anasikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa, kisha anayaandika neno kwa neno katika ukurasa wao wa mtandao. Fungu la mwisho la majaribio lilitakiwa kufika kabla ya saa saba mchana, Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba. Likifika, angeajiriwa. Lisipofika, nafasi ingepewa mwingine.

Intaneti ya nyumba ile ilitoka kwenye antena ya juu ya paa. Kebo yake ilipenya dirisha la chumba cha kulala ikaishia kwenye modemu iliyowekwa juu ya kabati la nguo, na kutoka kwenye modemu ulishuka waya mfupi hadi kwenye kipakatalishi, mezani. Lakini mtu mwenye plasta ya kufika pajani hawezi kuketi mezani kutwa nzima, na Ijumaa tundu la waya la kipakatalishi nalo likavunjika. Hivyo binti yangu akanunua routa, chombo cha kurusha intaneti hewani bila waya, ili mumewe afanye kazi akiwa amelala na mguu juu ya mito. Chumbani mlikuwa na soketi moja tu, na modemu ilikuwa imeshaichukua; kipakatalishi kilichajiwa sebuleni usiku. Basi alfajiri ya Jumamosi hiyo alipanda kiti, akauchomoa waya mfupi kwenye modemu, akachomeka mwingine mrefu, akaupitisha chini ya mlango hadi sebuleni, akaiweka routa karibu na kompyuta yao ya zamani. Kisha akatoka mbio kwenda Naivasha, kwenye shamba la maua anakofanya hesabu, na huko simu huachwa nje hadi jioni.

Saa tatu nilisikia sauti nyuma ya mlango.

"Mama."

"Naam, baba."

"Pole kukusumbua. Uko na shughuli?"

"Nachambua mboga."

"Ukimaliza, naomba macho yako kidogo."

Niliziacha mboga papo hapo. Mtu ambaye mkate wake uko hatarini, naye bado anakungojea umalize sukuma wiki, haachwi angoje.

Alinieleza tatizo lenyewe. Kipakatalishi chake kilikuwa kinaiona routa vizuri kabisa kupitia ukuta, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Akaniomba nisimame mbele ya routa nimsomee taa zake. "Niambie tu vile unaona, Mama. Ya kufikiri tutafikiri pamoja."

"Ya kwanza ni ya kijani, imetulia. Ya pili inapepesa. Ya tatu imezimika."

"Hiyo ya tatu imeandikwa nini chini yake?"

Nilivaa miwani. "Intaneti."

"Hiyo ndiyo shida yetu."

Mimi nilisoma ukubwani. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya Novemba 2005, miaka minne baada ya kumzika mume wangu, katika chumba kimoja na wasichana waliolingana na wajukuu wa dada zangu. Kwa hiyo nimefundishwa na watu wa kila namna, na ninazijua zile pumzi ambazo mwalimu huzishusha anapodhani mwanafunzi wake ni mzito. Asubuhi ile niliutegea sikio mlango ule nikizisubiri. Hazikuja. Kila nilipomaliza jambo alisema, "Hapo sawa," kisha akaeleza lifuatalo, na kila mara alinieleza pia sababu. Nikisukuma waya ndani zaidi, ni kwa sababu huenda umelegea. Nikitazama tundu ulimochomekwa, ni kwa sababu tundu la modemu ni moja tu, la rangi ya samawati, na yale manne ya manjano ni ya kompyuta za nyumbani. Waya ulikuwa mahali pake na haukulegea. Yeye kwa upande wake alikuwa akizitazama taa za modemu akiwa kitandani, na zote zilikuwa zikiwaka.

"Sasa tujaribu kuiruka routa," alisema. "Huo waya mrefu uutoe kwa routa, uuweke nyuma ya kompyuta ya zamani. Ikikubali, routa ndiyo mbaya."

Nilipiga magoti nikafanya hivyo. Kompyuta iliguna ikaamka, lakini nayo haikufungua ukurasa hata mmoja. Niliinuka nikiwa na vumbi magotini, nikamwambia. Saa ya ukutani ilikuwa imeikaribia saa tano.

Nilidhani amekata tamaa, nikaanza kutafuta neno la kumfariji. Kumbe alikuwa akipanga mambo kichwani mwake, na alipoanza tena kusema alisema polepole, kama mtu anayetoa ushahidi bila kutaka kumwonea yeyote. Modemu ni nzima, maana taa zake zote zinawaka. Waya ni mzima, maana taa ya modemu inayohusu waya huo ilizimika nilipouchomoa na kuwaka nilipouchomeka. Routa imekataliwa, na kompyuta ya zamani imekataliwa vilevile, na haielekei vyombo viwili vife asubuhi moja. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika: tangu Agosti modemu ile haikuwa imeunganishwa na kitu kingine isipokuwa kipakatalishi chake.

"Modemu imezoea laptopu yangu, Mama. Inaikumbuka hiyo peke yake. Ikizimwa na kuwashwa, itasahau, halafu itapokea yule itamkuta mlangoni."

Niseme wazi kwamba mimi si mtu wa kusifu ovyo. Mume wangu alikuwa mtu mwenye akili, nami nilimsifu pengine mara tatu katika ndoa yetu yote. Lakini nilisimama mbele ya mlango ule nikawaza: binti yangu alichagua vyema. Mwingine angeupiga ukuta ngumi. Huyu alikuwa amelala chali, mkate wake ukiyeyuka kila dakika, naye anakitendea haki hadi chombo kilichomkosea.

Kisha nikasikia kiti kikiburutwa.

"Unafanya nini humo?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna haiburuti kiti."

"Modemu haina swichi, na plagi yake iko nyuma ya kabati. Nikipanda tu kidogo, waya wake wa stima nitaufikia kwa juu."

"Utapanda na mguu upi?"

"Huu mmoja."

"Shuka."

"Sijapanda."

"Basi usipande!"

Lilikuwa limebaki neno moja tu ambalo angeweza kuniambia, nalo ni dogo: ingia. Hakulisema. Najua lilikuwa limemfika mdomoni, kwa sababu mimi mwenyewe lilikuwa limenifika mkononi. Nilikuwa nimeshika kitasa. Desturi zangu nazipenda, lakini sikutaka zimlaze mkwe wangu sakafuni na mfupa uliovunjika mara ya pili. Naye bila shaka alikisikia kitasa.

"Mama, usijilazimishe," alisema. "Kazi zitakuja zingine."

Sote wawili tulijua kwamba si kweli. Kwa miezi minane hazikuwa zimekuja. Nikakiachilia kitasa, nikajiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tukikihitaji. Hatukuihitaji modemu yenyewe. Tulihitaji tu ikose stima kwa muda mfupi.

"Baba, hebu nikuulize. Hiyo modemu inajali stima imekatiwa wapi?"

"Haijali."

"Basi naizima nyumba nzima."

Nikasikia kicheko, cha kwanza tangu nifike kwao, kicheko kikubwa cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka. "Mama! Na mimi karani mzima nimelala hapa napima kabati!"

Swichi kuu ilikuwa ukutani, kando ya mlango wa mbele. Kabla sijaigusa alinisimamisha. Kwanza niurudishe waya mrefu kwenye tundu la samawati, kisha niichomoe routa kwenye stima, ili modemu iamke kwanza na kutulia kabla haijabishiwa hodi. Hata katika furaha hakuusahau utaratibu. Nilifanya alivyosema, nikaivuta swichi chini. Friji ilinyamaza, na redio ya jirani ikasikika kana kwamba imo nyumbani mwetu. Nilisali Baba Yetu bila haraka, nikairudia, nikaipandisha swichi.

"Imeamka," alisema. "Taa moja... mbili... ngoja, Mama, ngoja... zote. Sasa routa."

Niliichomeka nikainama mbele yake. Ya kwanza iliwaka. Ya pili ikaanza kupepesa. Ya tatu ilikaa gizani muda mrefu mno, ikapepesa mara moja, ikazimika, kisha ikawaka ikatulia.

"Imewaka!" Nilipaza sauti kuliko inavyompasa mwanamke wa umri wangu.

Nilisikia vidole vyake vimeshaanza kugonga kipakatalishi, na sikumwita tena.

Nilirudi kwenye mboga zangu. Nilipika ugali saa sita, nikauweka kwenye kigoda, lakini sikubisha. Maisha yangu yote sijawahi kukiacha chakula kipoe mlangoni mwa mtu, ila siku hiyo nilikiacha, nikaketi jikoni nikisikiliza zile herufi zikigongwa, zikisita, sauti ya mazungumzo ikirudishwa nyuma, kisha herufi tena. Zilikoma saa saba kasoro dakika chache. Nikasimama.

"Mama."

"Naam."

"Wamepokea. Wanasema Jumatatu watatuma zingine. Wanasema sasa ni kazi."

Nilitaka kumwambia mengi, na maneno ninayo, maana nimeyasomea. Lakini baina ya mkwe na mama mkwe si kila neno hupita mlangoni.

"Haya, kula," nilisema. "Ugali umekuwa jiwe."

"Wacha uwe jiwe, Mama. Nitautafuna."

Nikaugeuzia mlango mgongo, na magongo yakaja.