Spika Mbili za Mjomba

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Morogoro mjini, na bora niseme mapema: nina kiburi cha kazi yangu. Mteja akiniuliza kama nina uhakika, mishipa ya shingo inanisimama. Nimewahi kumrudishia mtu redio yake iko wazi, skrubu mkononi, kisa kauliza, "Lakini itadumu?" Kiburi hichohicho ndicho kilichomnyamazisha marehemu mjomba wangu, kaka yake mama, na hadi leo sijamwambia mtu.

Mjomba alilima kabichi na karoti huko Mgeta milimani, na alikuwa mpiga gitaa. Jumapili alipiga kanisani, harusi ikitokea alipiga harusini, miaka yote kwa amplifaya moja na boksi moja la spika mbili. Kwetu Waluguru mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye ukoo, na binti akiolewa bila mjomba kusimama, watu wananong'ona. Kwa hiyo dada yangu alipochumbiwa, mjomba akatangaza kwamba yeye hatatoa hotuba. Atampigia mpwa wake wimbo wa kumuaga, aliomtungia mwenyewe.

Tatizo, spika zilikuwa zimechanika karatasi zote mbili. Akapakia vyombo kwenye lori la mboga, akashuka navyo hadi dukani kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, spika hizi zinakohoa kuliko mimi. Niwekee nyingine. Ila upatanishe omu, nisije nikaua mashine."

Omu, kwa asiyejua, ni kipimo cha jinsi spika inavyoubana umeme unaotoka kwenye amplifaya. Ikibana kidogo mno, amplifaya inasukuma kupita uwezo wake, inachemka, inaungua. Nyuma ya amplifaya ya mjomba imeandikwa nane, isipungue hapo. Spika zake za zamani zilikuwa za kumi na sita kila moja, zimeungwa sambamba, jumla nane. Za kumi na sita nilizunguka mji mzima nikakosa, nikapata mbili za nane. Ukiziunga moja nyuma ya nyingine unapata kumi na sita: mashine salama, sauti inapungua. Ukiziunga sambamba unapata nne: sauti inanguruma, na mashine inakufa siku utakayoifungulia sauti yote. Hilo hata anayejifunza kazi wiki ya kwanza analijua.

Kwanza niliziunga kwa usalama, nikajaribu. Sauti tamu, ila ndogo. Na kule Mgeta sherehe inaalika kwa sauti. Watu wa ng'ambo ya bonde wakisikia gitaa, wanashuka na kupanda kuja kula, hawangoji kadi. Wasiposikia, wanasema mmewanyima. Nikaona aibu. Fundi wa mjini afunge spika mpya, zisikike hadi kwenye zizi la mbuzi tu? Nikafungua boksi, nikageuza nyaya, nikachoma upya risasi ya kuungia. Nne. Nikajiambia, wimbo mmoja utaua nini.

Siku ya harusi, kule Mgeta, mjomba alivaa koti la suti juu ya shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. Kabla ya kuchomeka gitaa akaligusa boksi, akaniuliza, "Omu umepatanisha?"

Nilipaswa kusema, mjomba, ni nne, usifungue zaidi ya nusu. Basi! Badala yake nikachukia. Ananiuliza mbele za watu! "Mjomba nawe! Kazi hii nimeisomea."

"Haya, fundi ni wewe," akasema, akacheka.

Ubeti wa kwanza, haki ya Mungu, sijawahi kusikia gitaa likilia vile. Ng'ambo ya bonde watu waliacha majembe wakasimama. Mama yangu alikuwa analia huku anapiga vigelegele. Shangazi mmoja akamtania, "Mzee, leo umekunywa betri?" Mjomba akanogewa, akaongeza sauti. Ubeti wa pili haukufika katikati. Ikaja harufu ya kuungua, mlio mmoja mkavu, halafu kimya. Aliendelea kupiga kidogo bila kusikika, kisha akasimama, akautazama mkono wake wa kulia, ule ulioongeza sauti.

Wakaniuliza kuna nini. Nikajibu, "Si huu umeme wenu wa huku!" Umeme hauna wa kuutetea, wote wakakubali. Upande wa bwana harusi wakawasha muziki wao wa kukodi, watu wakacheza.

Nilitengeneza amplifaya ndani ya wiki moja, nikaunga spika inavyotakiwa, nikavipandisha vyote kwa lori lilelile. Lakini mama akawa ananiambia kaka yake hagusi tena gitaa, hata kanisani. Watu wakasema ni uzee. Mimi nilijua si uzee, na bado nikakaa miezi mitano nikitafuta siku ya kwenda. Mwoga mkubwa mimi.

Siku nilipokwenda nilikuwa nimeapa kumwambia. Nilimkuta mtoni akiosha karoti. Nikamwamkia, akaitika, akawahi kusema kabla yangu.

"Umekuja vizuri, mpwa wangu. Kuna neno limenikaa hapa kifuani. Siku ile haukuwa umeme. Ulinifungia spika nzuri, mimi nikaingiwa na tamaa, nikafungua sauti kupita kiasi. Nimeua mashine, nimeharibu harusi ya mtoto. Masikio yangu yamekwisha. Asiyejua kipimo chake asipige mbele za watu. Gitaa nimewapa wanakwaya."

"Mjomba..."

"Ngoja nimalize. Mimi ni mkubwa wako, ila kosa ni kosa." Akavua kofia. Mjomba wangu, mwenye ukoo, akanivulia kofia mimi. "Naomba unisamehe."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni tayari: hukukosea, ni mimi. Angelifuata gitaa lake siku ileile, namjua. Nikamtazama, nikafungua mdomo, na nikajisikia nikisema, "Nimekusamehe, mjomba."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili iliyolowa, akanishukuru.