Maji ya Chini ya Tangi

Siku hizi vijana hapa Garsen wana kompresa ndogo za kujaza matairi. Unabonyeza swichi, inalia kama mbu, basi. Yetu pale gereji ilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala. Nasema ng'ombe kwa sababu, lakini ngoja, nitafika.

Mimi ni mtoto wa Kulesa, kando ya mto, wa jembe na ndizi. Shule niliishia la tatu, mwaka ule mto ulipoingia darasani sisi tukatoka. Lakini mashine niliijua. Asubuhi unaangalia oili kwenye kidirisha chake cha kioo. Ikishuka chini ya alama unaongeza. Ikigeuka nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, umwage yote. Unafuta vumbi kwenye yale mabati membamba ya kichwani, maana ndiyo yanayotoa joto. Mwisho unafungua koki chini ya tangi utoe maji. Watu walikuwa wanauliza, maji yametoka wapi na hakuna aliyeyatia? Ni hewa yetu hii ya mto, imejaa unyevu. Mashine ikiibana inapata moto, ikipoa ndani ya tangi maji yanashuka chini.

Kazi hiyo alipewa mwenzangu, Muorma mmoja. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote, akaja na mke na watoto kutafuta kibarua, mwenye gereji akamchukua kwa majaribio. Niseme ukweli, mwanzo sikumpenda. Watu wa kwetu na wa kwao tunataniana, na utani mwingine una miiba. Lakini mkono alikuwa nao. Alikuwa anasogeza kiganja karibu na kichwa cha mashine kama mtu anayepima homa ya ndama, anasema, "Huyu amechoka, mpumzishe." Tunazima. Haikuungua hata siku moja. Na chai yake! Sijui aliitia nini, mpaka leo sijaonja nyingine kama ile. Haya, tuendelee.

Shida ilikuwa rangi. Tulipiga rangi pikapu ya mwenye duka mmoja wa Kipini, mlango ukaota malengelenge. Tukakwangua, tukapiga tena, malengelenge tena. Maji yalikuwa yanatoka tangini na hewa, yanapita kwenye mpira mpaka kwenye bunduki ya kupulizia rangi. Mwenye gereji akamsimamia mwenzangu.

"Wewe, maji unatoa au hutoi?"

"Natoa kila siku, mzee."

"Kesho tunapiga mara ya tatu. Mlango ukiota upele, rudi kwa ng'ombe zako."

Hakuwa na ng'ombe wa kurudia. Sote tulijua.

Asubuhi niliwahi, nikakaa nyuma ya matairi. Sitadanganya, nilitaka kumshika na kosa. Akachuchumaa, akaweka karai, akafungua koki taratibu huku anaimba chini chini. Maji ya kutu yakatoka. Halafu, yakiwa bado yanatiririka, akafunga.

"We! Mbona unafunga na maji bado yapo?"

Akashtuka. "Si nimekamua? Haya ya mwisho si unaacha?"

"Unamwachia nani?"

Akautazama mkono wake. "Ndama," akasema polepole.

Nilicheka mpaka nikashika tairi. "Wewe mtu wa ng'ombe! Hii ina ndama wapi?"

"Na wewe mtu wa ndizi utajuaje? Tangu utotoni mkono unajua, ukimaliza yote ndama atalala njaa."

Akafungua tena. Karai likajaa, tukamwaga, likafika nusu tena, mpaka tukasikia hewa kavu inapiga mluzi. Ndipo akaketi chini kando ya karai, akapiga mwayo. Kumbe usiku kucha hakulala.

Siku ile mlango ulitoka laini, ukijitazama unaona meno yako. Mwenye gereji akaupapasa kwa kiganja. "Leo maji umetoa."

"Leo nimetoa yote, mzee."

Mimi ya ndama sikumwambia mtu.

Alikaa nasi miaka, hadi akapata mitamba wawili wa kuanzia kundi akarudi nyikani. Siku moja akanitokea gerejini na kibuyu cha maziwa, yananukia moshi.

"Ndama umemwachia?" nikamuuliza.

"Ameshiba ndiyo nimekuja, mtu wa ndizi."

Gereji ile imefungwa, tangi limelala kwenye majani, kutu tupu. Mimi nami sasa nina hizi kompresa za mbu, zenye vitangi vidogo. Nikifungua koki asubuhi nasubiri mluzi, na ule wimbo wake naujaribu, ila maneno siyajui.