Simba wa Mfuko na Kombe la Zafarani

Mwezi ule sikuweza kukaa mahali pamoja. Nikikaa sebuleni naona mapazia yananisonga, nikienda chumbani kiyoyozi kinaninguruma kichwani, basi nachukua funguo za gari la baba, natoka kwetu Al Khoudh mpaka ufukweni Qurum, natazama bahari kwa muda wa kumaliza juisi moja ya embe, kisha narudi. Mama akisikia lango tu anauliza kutoka jikoni, "Umekwenda kukagua taa za barabarani?" Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepata nafasi ya kwenda kuendelea na masomo ya mifupa ya wanyama wa kale huko Australia, na nilitakiwa nijibu ndiyo au hapana kabla mwezi haujaisha.

Baba alishakubali. Lakini nyumbani kwetu ndiyo ya baba haina miguu mpaka mama aongeze yake. "Mimi nshasema langu. Zungumza na mama yako," aliniambia asubuhi moja akifunga kilemba, akaondoka zake wizarani Maskati kama mtu aliyeponea chupuchupu. Bila radhi ya mama nisingekwenda popote, hilo halikuwa hata la kujadiliwa. Na mama hakukataa. Afadhali angekataa tukagombana, maana kugombana nakuweza. Yeye alisema tu, "Hebu niambie kwanza huyo mnyama anayekupeleka huko. Nnataka nimjue."

Mnyama mwenyewe nilikutana naye darasani, mwaka wangu wa mwisho chuoni. Mwalimu alikuwa amemaliza somo mapema na hakutaka tuondoke, akaweka ukutani picha ya fuvu. Wenzangu walikuwa wameshafunga mikoba, akili zao ziko kwenye basi. Mimi nilibaki nimekodoa macho. Lilikuwa fuvu fupi, pana, na meno yake hayakuwa na mpangilio niliouzoea. Wataalamu humwita simba wa mfuko, ingawa na simba hawana udugu wowote. Aliishi Australia na alishatoweka makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, na mpaka leo watu wanabishana kama alimalizwa na ukame au na binadamu.

Basi kila siku baada ya sala ya alasiri mama alitandika mkeka, akaweka birika la kahawa na sahani ya tende, akaniita. Nami nilieleza huku mguu wangu mmoja unatikisika wenyewe. Nilimwambia kwamba hakuwa mkimbiaji, alikuwa mzito, kwa hiyo huenda aliwinda kwa kuvizia. Mikono yake ya mbele ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na kidole gumba kilikuwa na ukucha mkubwa uliopinda kama ndoana. Akishakunasa kwa gumba lile hakuachii. Kisha anamaliza kazi kwa meno ya pembeni, marefu na makali, yanayopishana kama mkasi wa fundi cherehani. Chonge, ambazo kila mla nyama anajivunia, yeye ni kama hana. Kazi ya chonge aliifanya kwa meno ya mbele, kwa sababu wazee wake walikuwa wala majani, ukoo mmoja na wale wanyama wapole wanaosinzia juu ya miti huko Australia mpaka leo.

"Wala majani wakageuka wala nyama?" mama aliuliza. "Kisa?"

"Haijulikani, mama. Pengine nyama ilikuwa nyingi na wa kuila hakuna."

"Basi tamaa," alisema, akanimiminia kahawa. "Na huo mfuko wa nini?"

"Wa kumkuzia mtoto. Anazaliwa mdogo mno, hajakamilika. Anatambaa mwenyewe kwenye manyoya ya mama yake mpaka anaingia mfukoni, anashika titi, anakulia humo."

Alichukua tende, akaigeuzageuza bila kuila. Nilidhani limemwingia moyoni.

"Mfuko mmeuona?"

"Ngozi haibaki. Tunajua kwa kutazama jamaa zake waliopo."

"Kwa hiyo hamjauona."

Nilitamani kurusha kikombe. Siku zinakwenda, mimi nahojiwa kama shahidi wa uongo.

Kesho yake nikadhani picha itasaidia. Nilikwenda maktaba ya chuo nikatoa nakala ya mchoro wa mnyama akiwa hai, kama mchoraji alivyomdhania, na mchoraji yule alimtia madoa. Mama aliipokea karatasi, akaitazama, kisha akaiweka chini juu ya mkeka akaondoa mkono wake haraka.

"Huyu chui."

"Si chui, mama. Nimekueleza."

"Nnamjua chui mimi. Usinifunze chui." Akaanza kunieleza habari za shamba alikozaliwa Unguja, namna walivyofungia mbuzi mapema, na kwamba chui wa kule hakuwa wa mwituni tu, alikuwa na mwenyewe. Watu walimfuga kwa siri wakamtuma. Ukimuua, mwenyewe anajua, na atakuja kukudai. "Huyu wako alikuwa wa nani?"

Nilicheka. Nikamwambia hakuwa wa mtu, alikuwa mnyama tu, na hata mfupa wake umekaa chini ya ardhi kabla hakujakuwa na Unguja wala Maskati. Mama hakucheka. Aliikunja karatasi upande wa picha uwe ndani, akaiingiza chini ya sahani ya tende. Jioni ile nilimsikia akizungumza na dada yake kwa simu, anamwambia mtoto anataka kwenda kufukua mifupa ya mnyama ambaye hata mwenyewe hajulikani.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Nikaona nimweleze kazi yenyewe nitakayokwenda kuifanya, labda hiyo itamtuliza. Nilimwambia kuna uwanda mkubwa mkavu, hauna miti, na ardhi yake ina matundu yanayoshuka mpaka kwenye mapango. Mnyama anatembea zake, anatumbukia, hawezi kutoka. Ndiyo maana mifupa inapatikana mizima, imelala palepale alipofia, hakuna aliyeigusa.

"Anakufa mara moja?"

"Wengine pengine walikaa siku nzima, au zaidi."

"Na hakuna aliyekwenda kumtafuta?"

"Nani amtafute, mama? Mnyama yule."

"Mama yake."

Alikusanya vikombe kahawa ikiwa bado imo, akaenda jikoni. Nilibaki nimekaa na tende mkononi, nikajua nimeharibu. Mama aliondoka Unguja akiwa mke mwali, akamwacha bibi yangu barazani, na hawakuonana tena. Bibi alipofariki, habari ilimfika mama huku watu wameshazika, wameshasoma hitima, wameshatawanyika. Kwetu hilo halizungumzwi. Nami nimekwenda kumletea, pamoja na kahawa, habari za mtu kufia shimoni peke yake. Nilichukua funguo za gari, nikafika Qurum, sikununua hata juisi.

Siku ya pili nilimkuta mama mkubwa, yule dada yake, amekaa jikoni na buibui lake bado mabegani. Walikuwa wananong'ona, wakanyamaza nilipoingia. Mezani palikuwa na sahani nyeupe ya kaure, imeandikwa aya za Qurani kwa wino wa zafarani, mistari inazunguka mpaka katikati. Mama akamiminia marashi ya waridi, akaizungusha taratibu mpaka maandishi yote yakayeyuka na maji yakawa ya manjano. Akayatia kwenye glasi.

"Kombe hili. Sema bismillahi, unywe."

Damu ilinipanda. Kwa hiyo ndivyo walivyoamua. Ninatibiwa. Miaka yangu yote chuoni imekuwa ugonjwa, simba wangu amekuwa chui wa mtu, na hamu yangu ya kwenda ni shetani wa kutolewa kwa zafarani. Ningeweza kuondoka, lakini aya ni aya, na mama ni mama. Nilipiga bismillahi nikanywa kwa hasira, mengine yakanimwagikia kifuani yakaacha doa la manjano kwenye gauni.

"Haya," nikasema. "Nshapona? Hamu ya kwenda inatoka lini?"

Mama mkubwa alimtazama mama. Mama aliichukua glasi mkononi mwangu, akaiinamisha kuona kama nimebakisha.

"Nani kasema unaumwa?" aliuliza. "Kombe la kinga hili. Wa kukaa nyumbani anakingwa na nini? Anakingwa anayetoka."

Sikuelewa upesi. Nilisimama pale na gauni langu bichi, mdomoni ladha ya waridi.

"Mimi mama yangu aliniuliza nakwenda wapi," mama akaendelea, ameshanipa mgongo, anasuuza sahani. "Nkamwambia Arabuni, tutarudi kabla ya Idi. Arabuni kubwa. Hakujua hata mji niliopo auite vipi, na miye sikumwambia kwa sababu nliona ntarudi tu." Alifunga bomba. "Sasa wewe huo mji wako unaitwaje?"

"Adelaide."

"Sema tena, polepole. Ukitumbukia kwenye hayo matundu yao, mimi sitomwambia mtu wa ndege nipeleke Australia tu. Nnataka nijue pa kushuka."

Nilivuta kiti, nikakaa. Nilimtajia jina kipande kwa kipande, akalirudia huku anafuta sahani, akakosea, akalirudia tena, na mguu wangu ulikuwa umetulia.