Boga la Maziwa na Asali

Mimi na kaka yangu tulikuwa tukifuatilia kwenye simu tamthilia moja ya mazimwi na wachawi. Shujaa wake alipenda sana boga lililopikwa kwa maziwa na asali, lakini alilila tu siku ambayo hakumwaga damu. Mama naye akajifunza kutupikia, maana sisi ni wafugaji na maziwa hayakosekani.

Siku moja ng'ombe wetu waliingia kwenye mahindi ya jirani, hapa Ndalambo. Jirani akaja na panga, akamkata ndama miguu ya nyuma. Kaka akamrukia kwa fimbo. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika, panga likaanguka, lakini kaka hakuacha. Alimpiga kichwani mpaka baba alipokuja kumvuta.

Jioni mama alimwekea kaka boga. Akalisukuma.

"Leo sili, mama."

Mama akalifunika, akalipeleka kwa mke wa jirani. Yule mwanamke alilipokea kwa mikono miwili, akalimwaga pale pale mlangoni.

"Chukua bakuli lako, mama," akasema.

Jirani alipona, ila mkono wake haunyooki. Kaka hajaonja boga tena.