Siku Bibi Alipoingia Kwenye Opera

Nyumbani kwetu Itiryo, kijiji cha mpakani, mwenye sauti alikuwa dada yangu. Mimi niliimba nyuma kabisa, pamoja na wenzangu wa sauti ya pili. Mwalimu wetu wa misheni, mama wa Kizungu aliyekuja na fidla yake, alikuwa ametafsiri opera moja kwa Kiswahili. Alitueleza kwamba ni hadithi inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho.

"Hatutaigiza," alisema. "Tutasimama na kuimba tu."

Mbali na fidla yake, tulikuwa na kinanda cha kanisa, tarumbeta mbili za shule na litungu, zeze la Kikurya, la baba mdogo, ambaye alikuja na kigoda chake kwa sababu viti vya kanisani vilikuwa virefu mno kwake.

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka madirishani. Bibi, mama yake baba, alikaa mbele amejifunga blanketi. Katekista alieleza kila sehemu kwa Kikurya kabla hatujaiimba.

Katika hadithi ile dada alikuwa msichana anayemkataa mume aliyechaguliwa na wazee, na sisi wanakwaya tulikuwa kijiji kinachomfukuza. Nyumbani, majuma yale yale, wazee walikuwa wakizungumzia ng'ombe wa mtu ambaye dada hakumtaka. Tulipofika pale pa kumfukuza tukaimba kwa nguvu zetu zote: toka, toka kwetu.

Bibi akainuka.

"Nani amewaambia hana kwao?" alituuliza kwa Kikurya.

Wimbo ukakatika. Bibi akaja mbele, akamshika dada mkono.

"Bibi, ni wimbo tu," dada alinong'ona.

"Najua ni wimbo. Imba. Mimi nitasimama hapa."

Katekista alimfasiria mwalimu. Mwalimu akainua mkono tuanze tena. Mimi neno lile, toka, lilinishinda. Nilifungua mdomo bila kutoa sauti. Dada aliimba wimbo wake wa kuaga akiwa ameshikwa mkono hivyo hivyo. Upande wa wanaume, baba aliinamisha kichwa mpaka mwisho.

Habari ya ng'ombe wale haikuzungumzwa tena. Baadaye dada aliolewa ng'ambo ya mpaka, na kijana aliyempenda. Mwalimu alirudi kwao na fidla yake. Opera hatukuiimba tena, ila kwa miaka mingi niliwasikia wanawake kisimani wakiimba kipande cha katikati huku wakichota maji, kila mmoja na maneno yake.