Ruzuku Nisiyoiomba

Nakumbuka alasiri moja kule Deira, Dubai, mwanangu, nikiwa bado msichana, nafanya kazi ya dobi hotelini. Mashuka meupe hayakuisha. Mvuke wa pasi ulipopanda, mimi nililiona duka langu la ushonaji kule Kitale: pazia la buluu, cherehani zinaimba, mama yangu ameketi mlangoni anawakaribisha wateja kama yeye ndiye tajiri. Niliishi humo dukani zaidi kuliko nilivyoishi Dubai.

Wiki hiyo bwana mmoja alinipigia simu, sauti laini, ya mtu aliyeshiba. Nimechaguliwa, akasema, kupewa ruzuku ya wafanyabiashara wadogo, pesa zisizorudishwa. Nitume tu ada ya kufungulia faili. Nami nikalewa kwa raha. Nilishaiandaa ada, nikamwambia mama atafute chumba cha kupanga, na kesho yake nilikuwa naenda kufuta viza nirudi nyumbani.

Nikaenda kumuaga Bi Zuhura, msimamizi wetu, Mzanzibari aliyezeekea huku. Akaweka pasi chini.

"Uliiomba lini hiyo ruzuku?"

"Sikuomba, Bi."

"Hukuomba, umepewa? Mwanangu, hata sadaka mtu hunyoosha mkono."

Nilinuna. Nilidhani ana wivu, Mungu anisamehe. Akaniambia nimpigie yule bwana pale pale, nimwombe aikate ada yake humo humo kwenye pesa anazonipa. Nikapiga. Ile sauti laini ikawa kali, akaniita mshamba asiyetaka maendeleo, akakata. Nikapiga tena, hakupokea.

Nililia, mwanangu. Ada ninayo, kazi ninayo, lakini nililia kama niliyefiwa, kwa ajili ya duka ambalo halijawahi kuwepo. Bi Zuhura akanipangusa uso kwa foronya. "Khalas, yamekwisha. Lia, kisha mpigie mama asilipe chumba."

Simu hiyo ndiyo iliyoniuma. Mama alishawaambia majirani wote.

Miaka baadaye, nimeshajifunza kushona, niliomba ruzuku ya kweli kwetu. Walikuja kuona ninaposhonea, wakauliza maswali mpaka nikachoka, wakaninyima. Nilipoomba tena wakanipa cherehani moja. Wateja nilishajitafutia mwenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi sikia. Ota, sikukatazi, ndoto ilinivusha siku nyingi ngumu. Lakini ruzuku ya kweli huombwa, huchelewa, mara nyingi hukataliwa, na ikija huikuta kazi yako imeshaanza. Anayekudai ada kwanza ili akupe, usimtumie. Akikuharakisha, muulize mtu mzima aliye karibu nawe, hata kama utanuna. Usiache kazi kwa ahadi ya simu, wala usimpe mama yako furaha ambayo wewe mwenyewe hujaishika.

Mungu akujalie riziki ya halali, mwanangu, na siku utakapompigia mama yako simu ya habari njema, asije akalazimika kwenda kwa majirani kuikanusha.